UZI: Jaji John Marshall Harlan, mtoto wa nyumba yenye watumwa aliyebaki peke yake kutetea haki za watu weusi Marekani

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam. Uzi huu niliuahidi siku nyingi, leo nimepata nafasi. Ni mrefu, nitauleta kwa vipande. Naomba tufike mwisho kabla ya kutoa hukumu, maana huyu mzee ukimsoma nusu utamchukia, na ukimsoma nusu ya pili peke yake utamfanya malaika. Yote mawili ni kumwonea.

Mimi ni karani, nachapa hukumu za mahakama mwaka wa kumi na mbili huu. Kuna majaji watatu wameketi, wawili wanakubaliana, mmoja anakataa, na ninachapa kurasa za yule mmoja nikijua kwamba kesho aliyeshindwa atabaki ameshindwa vilevile. Kwa muda mrefu nilijiuliza zile kurasa zinaandikwa kwa ajili ya nani. Harlan ndiye aliyenipa jibu, kwa hiyo nikionekana nampenda mnisamehe, nampenda kweli.

Twende Washington, 18 Mei 1896. Mahakama ya Juu ya Marekani inatoa hukumu ya Homer Plessy, fundi viatu wa New Orleans. Miaka minne nyuma, 7 Juni 1892, Plessy alikata tiketi ya daraja la kwanza, akapanda treni ya kwenda Covington, akakaa kwenye behewa la wazungu. Kwa kumwangalia tu usingemtambua, kwani damu yake ilikuwa sehemu moja nyeusi kati ya nane. Lakini Louisiana ilikuwa na sheria ya mwaka 1890 inayotenganisha abiria kwa rangi. Alipoulizwa akasema ukweli wake, akaambiwa ahame, akagoma, akashushwa na kukamatwa.

Haikuwa bahati mbaya. Wananchi wa New Orleans walikuwa wameunda kamati, wakachangishana fedha, wakamtafuta mtu wa kukamatwa ili sheria ile ifike mahakamani. Kampuni ya treni yenyewe ilijua mpango, kwa sababu kuvuta mabehewa ya ziada kulikuwa kunaitia hasara.

Majaji saba wakasema sheria ni halali, mradi mabehewa yawe sawa. Mmoja hakushiriki. Mmoja akapinga.

Sasa shikeni hili. Aliyeandika hukumu ya wale saba, Henry Billings Brown, alizaliwa Massachusetts, kaskazini. Aliyepinga alizaliwa Kentucky, katika nyumba iliyomiliki watumwa, na yeye mwenyewe aliwamiliki hadi sheria ilipomnyang'anya.

Naendelea baadaye.

#2 Mchangiaji

Nimeweka kambi hapa mkuu, na chai iko mezani. Shusha vitu.

#3 Mleta uzi

Tuendelee.

Alizaliwa 1 Juni 1833, wilaya ya Boyle, Kentucky. Baba yake, James Harlan, alikuwa wakili na mwanasiasa, na kwa mapenzi yake na sheria akampa mwanawe jina la John Marshall, Jaji Mkuu aliyeijenga Mahakama ya Juu. Mtoto unapewa jina la namna hiyo, njia yako imeshachorwa. Akasoma Centre College pale Danville, kisha sheria Transylvania huko Lexington, na mwaka 1853 akawa wakili.

Katika nyumba hiyo alikulia pia Robert Harlan, aliyezaliwa mtumwa mwaka 1816, mwenye ngozi nyeupe kiasi kwamba watu wengi waliamini ni mtoto wa mzee James. Alifundishwa kusoma nyumbani, akaja kutajirika kwa biashara na mbio za farasi, akaishi Uingereza miaka kadhaa, na baadaye akachaguliwa kuingia bunge la jimbo la Ohio. Kama kweli walichangia baba au hawakuchangia, John alikua akimwona kwa macho yake mtu ambaye sheria inamwita mali, na ambaye akili na ujasiri wake havikupungua chochote kwa wa mtu mwingine. Mimi naamini kitu cha namna hiyo hakimtoki mtu.

Mwaka 1856 akamwoa Malvina Shanklin wa Evansville, Indiana. Kwao Malvina utumwa ulikuwa marufuku na familia yake iliuchukia. Mkumbukeni huyu mama, tutamrudia.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza, Kentucky ilikuwa katikati. Harlan akachagua upande wa serikali ya muungano, akaandikisha askari, akawa kanali wa kikosi cha 10 cha Kentucky. Lakini alipigania muungano usivunjike, basi. Tangazo la Lincoln la kuwaachia huru watumwa alilipinga hadharani. Baba yake alipofariki mwaka 1863 akaacha jeshi, akagombea na kushinda kiti cha Mwanasheria Mkuu wa Kentucky, na akiwa hapo akayapinga Marekebisho ya 13 ya Katiba, yale yaliyofuta utumwa nchi nzima. Yeye mwenyewe alikuwa bado ana watumwa.

Halafu mwaka 1868 yuko Republican. Mwaka 1871 anagombea ugavana kwa chama hicho na anawaambia wapiga kura kwamba utumwa ulikuwa udhalimu, na kwamba anafurahi umekwisha. Wapinzani wakamsomea maneno yake ya zamani mbele ya umati. Hakujitetea kwa kuzunguka. Alisema ni heri isemwe kwamba yuko sahihi kuliko isemwe kwamba hajawahi kubadilika. Akashindwa. Mwaka 1875 akagombea tena, akashindwa tena.

#4 Mchangiaji mwingine

Mleta uzi, hapo umenikwamisha. Mtu anapinga watu kuachiwa huru, chama chake kinakufa, anahamia chama chenye nguvu Washington, ghafla utumwa ni dhambi. Huku kwetu tunawajua wa hivyo. Kwa nini huyu nimsifie? Waliokuwa wanalima mashamba yake nani alikuja kuwaandikia uzi?

#5 Mleta uzi

Ndugu yangu, swali lako la mwisho limenigusa na sina jibu lake. Hao hawakuandika kumbukumbu, wenye nyumba ndio walioandika.

Kuhusu kuhama chama, siasa ilikuwemo, sikatai. Chama chake cha zamani, Whig, kilikuwa kimeshakufa. Na cheo chenyewe alikipata kisiasa. Kwenye mkutano mkuu wa Republican wa 1876 alikuwa anampigia debe Benjamin Bristow, aliyekuwa mwenzake katika ofisi ya uwakili. Bristow alipoonekana hapiti, kura za Kentucky zikaenda kwa Hayes, Hayes akawa Rais, na mwaka 1877 akamteua Harlan kuwa jaji wa Mahakama ya Juu. Wapo maseneta waliouliza kama wewe: huyu kabadilika kweli?

Lakini angalia kalenda, mkuu. Kiti kile ni cha maisha. Kuanzia Desemba 1877 hakuwa na kura ya kuomba kwa mtu. Na mwaka huohuo serikali ya Hayes iliacha kuwalinda weusi wa kusini kwa jeshi, upepo wote ukageuka. Kama alikuwa mtu wa kufuata upepo, huo ndio ulikuwa wakati wa kunyamaza. Yeye ndipo alipoanza kusema. Na kuna jambo lingine: baada ya vita Kentucky ilijaa magenge ya usiku yanayochoma nyumba za weusi na kuwaua, na huyo Bristow ndiye aliyekuwa mwendesha mashtaka wa serikali kuu akihangaika kuwafunga. Harlan aliyaona hayo mlangoni kwake. Anayetaka kusema alibadilishwa na chama, sawa. Mimi nasema alibadilishwa na alichokiona wenzake wa zamani wakikifanya.

Sasa njooni mwaka 1883, kwenye kisa ninachokipenda kuliko vyote.

Bunge lilikuwa limepitisha sheria mwaka 1875 kwamba hoteli, majumba ya maonyesho na vyombo vya usafiri visimkatae mtu kwa rangi yake. Kesi tano zikafika Mahakama ya Juu kwa pamoja, moja ya mtu aliyenyimwa kiti kwenye jumba la maonyesho San Francisco, moja ya New York, nyingine ya mwanamke aliyezuiwa behewa la akina mama huko Tennessee. Majaji wanane wakaifuta sheria. Jaji Bradley akaandika kwamba unafika wakati ambapo mtu aliyetoka utumwani lazima aache kuwa kipenzi maalumu cha sheria. Miaka kumi na minane tu baada ya minyororo!

Harlan akatangaza kwamba anapinga, na ataandika. Kisha kalamu ikagoma. Mkewe ameeleza katika kumbukumbu zake jinsi mzee alivyokuwa akiamka katikati ya usiku kuandika wazo lisimpotee, halafu asubuhi anakwama palepale. Alikuwa mmoja dhidi ya wanane.

Harlan alikuwa na tabia ya kukusanya vitu vya historia ya mahakama. Miaka ya nyuma alikuwa amepewa kidau cha wino cha Jaji Mkuu Roger Taney. Taney ndiye aliyeandika hukumu ya Dred Scott mwaka 1857, ile iliyosema mtu mweusi hawezi kuwa raia wa Marekani na hana haki ambayo mzungu analazimika kuiheshimu. Kidau hicho ndicho alichochovya kalamu siku hiyo. Sasa kwenye tafrija moja Harlan akamwahidi mama mmoja wa ukoo wa Taney kwamba atampa kama kumbukumbu ya mzee wao. Malvina akaona hapana. Akakificha. Mumewe akakitafuta nyumba nzima, akamwomba radhi yule mama kwamba kimepotea.

Basi Jumapili moja asubuhi, mzee ametoka kwenda kanisani akiwa mnyonge, Malvina akakitoa kile kidau alikokificha. Akakisafisha, akaking'arisha, akakijaza wino. Akaondoa vidau vingine vyote mezani, akakiweka hicho kimoja mbele ya karatasi za mumewe. Akamngoja mlangoni. Aliporudi akamwambia nimekuwekea kitu mezani, naamini kitakusaidia.

Anasema tangu hapo kalamu ilikimbia na hukumu ikaisha upesi. Wino uliotumika kuandika kwamba mtu mweusi si raia, kidau ni kilekile, sasa kinaandika kwamba uhuru usio na haki za kiraia ni jina tupu. Kila nikifika hapa nasimama kidogo.

#6 Mchangiaji, mwanafunzi wa sheria

Shikamoo mleta uzi. Nashukuru kwa kisa cha kidau, hatukufundishwa. Lakini kwenye hukumu yake ya Plessy mbona kuna aya inawasema Wachina vibaya? Mwalimu wetu aliisoma kwa sauti darasani, tukabaki tunatazamana.

#7 Mleta uzi

Marahaba mwanangu. Mwalimu wako kafanya vizuri.

Tuyaweke yote mezani. Kwanza lile linalonukuliwa kila mahali. Nitalitafsiri nijuavyo: "Katiba yetu haioni rangi, wala haijui wala haivumilii matabaka miongoni mwa raia. Mbele ya sheria raia wote ni sawa. Mnyonge kuliko wote ni sawa na mwenye nguvu kuliko wote." Akaongeza kwamba hayo mabehewa yanayoitwa "sawa" ni kifuniko chepesi kisichomdanganya mtu, na kwamba hukumu ya siku ile, kadiri muda unavyokwenda, itaonekana kuwa na madhara kama ile ya Dred Scott. Mwaka 1896 alisema hivyo, na ikawa hivyohivyo.

Katika aya hiyohiyo, juu kidogo, anasema wazungu wanajiona ndio watawala wa nchi ile, kwa elimu, mali na heshima, na hana shaka wataendelea kuwa hivyo. Na chini anasema kuna watu wa asili tofauti sana nao, Wachina, wasioruhusiwa hata uraia, lakini wao wanaruhusiwa kupanda behewa la wazungu huku raia mweusi, pengine aliyepigania nchi, anakatazwa. Hoja ilikuwa kuonyesha upuuzi wa sheria, lakini aliijenga juu ya migongo ya Wachina. Na haikuwa kuteleza kwa ulimi. Mwaka 1898, katika kesi ya Wong Kim Ark, mtoto wa Wachina aliyezaliwa San Francisco, wengi walisema ni raia, Harlan akawa upande wa waliokataa.

Mwaka 1899 lipo jingine, na hili linaniuma zaidi. Augusta, Georgia, bodi ya elimu ilifunga sekondari ya watoto weusi ikaacha ya wazungu. Wazazi wakaenda mahakamani. Hukumu ya kuwanyima iliandikwa na Harlan huyuhuyu, na majaji wote wakaiunga mkono. Wapo wanaomtetea kwamba wazazi waliomba kitu kisicho sahihi kisheria, kufungwa kwa shule ya wazungu badala ya kufunguliwa kwa yao. Nimeisoma hiyo hoja mara nyingi, hainitoshi. Watoto walikosa shule.

#8 Mchangiaji wa #4

Asante kwa kutoficha. Nilidhani utairuka hiyo. Endelea, sasa nakusikiliza.

#9 Mleta uzi

Kazi nyingine nazipitia haraka. Alipinga mahakama ilipoiua kodi ya mapato mwaka 1895. Alipinga mwaka 1901 iliposemwa kwamba Katiba haiendi kamili Puerto Rico na makoloni mapya. Mwaka 1905 aliandika hukumu ya wengi kuhusu mchungaji wa Massachusetts aliyekataa chanjo ya ndui akapigwa faini ya dola 5, na hiyo mliifuatilia bila kumjua mwandishi, kwa sababu wakati wa corona mawakili wa Marekani waliitaja kila siku. Mwaka 1908 alipinga tena Kentucky ilipolazimisha chuo cha Berea kuacha kuwafundisha weusi na weupe pamoja. Huko ni nyumbani kwao.

Kote huko alikuwa na madeni, ikabidi afundishe sheria jioni. Jumapili anafundisha Biblia kanisani. Jaji mwenzake, Brewer, alisema Harlan analala mkono mmoja juu ya Katiba na mwingine juu ya Biblia.

Lakini ninayotaka mkae nayo ni kesi ya Ed Johnson.

Chattanooga, Tennessee, mapema 1906. Johnson, kijana mweusi, anashtakiwa kumbaka msichana mzungu. Ana mashahidi kibao kwamba alikuwa kwingine. Anahukumiwa kunyongwa baada ya kesi ya siku chache, na mawakili aliopewa wanakubali yaishe. Wakili mweusi wa mji huo, Noah Parden, akaichukua kesi, akapanda treni hadi Washington, akamwona Harlan, kwa kuwa Harlan ndiye jaji aliyepangiwa majimbo yale. Fikirieni hilo kwa mwaka 1906: wakili mweusi kutoka kusini, peke yake, mbele ya jaji wa Mahakama ya Juu. Harlan akamsikiliza, akakubali rufaa, Mahakama ikaamuru Johnson asiguswe mpaka isikilizwe. Simu ya maandishi ikapelekwa Chattanooga.

Usiku wa 19 Machi kundi la watu likavamia gereza. Sherifu, Joseph Shipp, alikuwa ameliacha karibu bila walinzi. Wakamtoa Johnson, wakampeleka darajani, Walnut Street, juu ya mto Tennessee, wakamtundika. Maneno yake ya mwisho yako kwenye jiwe la kaburi lake: Mungu awabariki ninyi nyote, mimi ni mtu nisiye na hatia.

Mahakama ya Juu ikamshtaki sherifu kwa kudharau amri yake. Ndiyo kesi pekee ya jinai ambayo mahakama ile imewahi kuiendesha yenyewe katika historia yake. Mwaka 1909 Shipp akatiwa hatiani, akafungwa siku 90. Alipotoka, mji wake ulimpokea kwa shangwe. Parden ndiye aliyelazimika kuhama. Hatia ya Johnson ilifutwa na mahakama ya Tennessee mwaka 2000.

#10 Mchangiaji kutoka Nairobi

Hongera sana ndugu mwandishi. Niongeze kitu kutoka huku kwetu. Hukumu ya Harlan ya kupinga kwenye Plessy ilikaa kabatini hadi wakaja kina Thurgood Marshall, wakili mweusi wa NAACP, chama cha kutetea haki za weusi. Mwanasheria Constance Baker Motley, aliyefanya kazi naye, alisimulia kwamba kesi zikiwa ngumu Marshall alikuwa akiisoma kwa sauti kujipa moyo. Mwaka 1954 wakashinda kesi ya Brown na ule utaratibu wa "tofauti lakini sawa" mashuleni ukaanguka, majaji tisa kwa tisa. Na Marshall huyohuyo, Januari 1960, Tom Mboya alimwita London kwenye mkutano wa Lancaster House, wa kujadili katiba ya Kenya, kuwa mshauri wa wajumbe wetu Waafrika. Aliandika rasimu ya haki za binadamu kwa ajili ya Kenya, na alisisitiza wachache walindwe, hata walowezi na Wahindi waliokuwa wanatuogopa. Alijua wachache ni nini. Kwa hiyo huyo mzee wa Kentucky hayuko mbali nasi sana.

#11 Mleta uzi

Ndugu wa Nairobi, umenipa zawadi. Sehemu ya Motley nilikuwa naijua, ya Lancaster House sikuiunganisha kabisa. Nimeichapa na kuibandika juu ya meza yangu ya kazi.

Harlan hakuona lolote kati ya hayo. Alifariki Washington 14 Oktoba 1911, akiwa bado jaji, miaka karibu 34 kitini. Mjukuu wake mwenye jina lilelile aliingia Mahakama ya Juu mwaka 1955, mwaka mmoja baada ya hukumu ya Brown.

#12 Mwanafunzi wa sheria

Swali la mwisho mzee wangu. Plessy mwenyewe aliishia wapi?

#13 Mleta uzi

Kesi ilirudi New Orleans. Januari 1897 alisimama mbele ya mahakama, akakiri kosa, akalipa faini ya dola 25. Akalea watoto, akafanya kazi ya kukusanya michango ya bima, akafariki mwaka 1925 akiwa bado na rekodi ya mhalifu kwa kukaa kwenye kiti alichokilipia.

Tarehe 5 Januari 2022, Gavana wa Louisiana alitia sahihi msamaha wake, karibu na mahali aliposhushwa kwenye treni. Walikuwepo watu wa ukoo wa Plessy, na watu wa ukoo wa Jaji Ferguson, yule wa New Orleans aliyemkatalia mara ya kwanza. Walikuja pamoja.